Mchora Komiki Asiye na Bosi

Haya jamani, asanteni kwa kuja, waliosimama huko nyuma sogeeni mbele nafasi ipo, na mwenye daftari la kuchorea asione aibu kuchora wakati naongea, mimi sisumbuki kabisa. Nimeombwa niongelee maisha na kazi ya mchora komiki wa mtandaoni, yule anayejitegemea, yaani hana gazeti wala kampuni nyuma yake, anaandika mwenyewe, anachora mwenyewe, anaposti mwenyewe, komenti anajibu mwenyewe. Mimi nachora, na nimekaa na watu wa kazi hii muda mrefu, na kila nikikutana na vijana wanaoanza swali ni lile lile, nitapataje wasomaji. Ni swali zuri, ila kuna lingine sisikii mtu akiliuliza na mimi naona ndo kubwa zaidi: nitafanyaje ili miaka kumi ijayo niwe bado nachora, bado mzima, na kazi bado ni ya kwangu? Kwahiyo leo nitakaa sana kwenye mambo mawili, kasi ya kuchora na umiliki wa kazi, mengine tutayapita tu.

Historia kidogo kwanza. Wengi wanadhani hizi komiki zimekuja na simu janja. Zimeanza zamani sana. Mwaka 1991, kabla watu wa kawaida hawajaijua wavuti, Hans Bjordahl alikuwa anasambaza komiki yake Where the Buffalo Roam kupitia Usenet, mtandao wa zamani wa kubadilishana ujumbe, afu mwaka 1993 David Farley akaanzisha Doctor Fun, moja ya komiki za kwanza kabisa kuwekwa kwenye wavuti yenyewe. Mwaka 1997 Pete Abrams akaja na Sluggy Freelance, 1998 Jerry Holkins na Mike Krahulik wakaanza Penny Arcade. Na hiyo ni intaneti ya laini ya simu, picha inafunguka taratibu kutoka juu kwenda chini, unaona paji la uso la mhusika unakaa unasubiri mdomo ndo ujue anacheka au analia. Watu walisubiri! Hilo mimi linanigusa mpaka leo, kwamba msomaji alikuwa tayari kukaa hapo dakika nzima kwa ajili ya paneli nne, yaani viboksi vinne vya picha, za mtu asiyemjua.

Kabla ya hapo ukitaka katuni yako isomwe na watu wengi ilibidi upite kwa mhariri, au kwa yale makampuni yanayosambaza katuni kwa magazeti, ambayo yanapokea maombi mengi mno na kuchukua wachache sana. Ukibahatika kuchukuliwa unapewa na vipimo, upana huu, paneli tatu au nne, usimuudhi mtu, na mara nyingi mhusika uliyemuumba kwa kichwa chako hakimiliki yake inakaa kwa kampuni. Mtandao ukaondoa hiyo hatua yote. Hakuna tena wa kukwambia hadithi yako ni ndefu mno, au wahusika wako hawauziki, au wino wa rangi ni ghali chora nyeusi na nyeupe. Scott McCloud, mchora komiki anayeandika pia kuhusu komiki, kwenye kitabu chake Reinventing Comics cha mwaka 2000 akaenda mbali zaidi, akasema tuichukulie skrini kama dirisha, komiki iende chini, iende pembeni, turubai halina mwisho. Na watu wakalifanyia kazi hilo wazo. Randall Munroe, mwenye komiki inaitwa xkcd, mwaka 2012 aliweka katuni moja inaitwa Click and Drag, unaishika kwa mausi unaivuta unazunguka dunia nzima aliyoichora huko ndani, na mwaka 2013 akaweka nyingine inaitwa Time, picha moja inayobadilika kidogo kidogo usiku na mchana kwa miezi minne, jumla fremu 3,099, ikampa tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kubuni za sayansi, mwaka 2014. Hebu fikiria mhariri gani wa gazeti angekubali kitu kama hicho.

Sasa hapo ndo pazuri. Lakini mtu asiye na bosi hana pia wa kumwambia kapumzike. Hana likizo, hana mshahara wa mwisho wa mwezi, hana bima ya ofisi, na hana mtu wa kumwambia hii inatosha. Naona hapa ndo watu wengi wanapoangukia, na sio kwamba hawana kipaji, kipaji wanacho tena kikubwa, ila wamejipangia kazi ambayo mwili mmoja hauwezi.

Tuiangalie kazi yenyewe. Ukurasa mmoja wa rangi, msomaji anausoma chini ya dakika. Wewe umeandika mazungumzo, umeyafuta nusu, umechora vichoro vidogo vya kupanga paneli zikae wapi, umechora penseli, umepiga wino, umetenganisha rangi za mandharinyuma na za wahusika, umeweka vivuli, umeweka viputo vya maneno na kugundua maneno hayaenei ikabidi upunguze sentensi, umebadilisha ukubwa wa faili, umeposti, afu unakaa kujibu watu. Hizo ni saa nyingi, kwa wengine ni siku mbili tatu. Sasa mtu anaanza leo na nguvu zote anatangaza atakuwa anatoa kurasa tatu kwa wiki, rangi kamili, hadithi ya vitabu saba. Wiki ya kwanza sawa, mwezi wa pili sawa, afu anaugua mafua, au mtihani unaingia, au mtoto anazaliwa, na kwa sababu hakuwa na ukurasa hata mmoja wa akiba anakosa siku moja, anakosa na ya pili, anaanza kuona aibu kufungua tovuti yake mwenyewe. Hadithi nzuri ngapi zimeishia ukurasa wa arobaini, wahusika wamesimama mlangoni hawajaingia ndani mpaka leo.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na naurudia kila mahali: kasi yako ipime kwa wiki mbaya. Usipime kwa ile wiki ambayo umelala vizuri na kila mtu yuko salama. Wiki ambayo kichwa kinauma na kazi nyingine ya kukulisha imekubana, hapo unaweza kutoa nini? Kama ni ukurasa mmoja, basi tangaza ukurasa mmoja. Ukizidisha weka kwenye akiba.

Ushauri wa pili unafanana na huo ila ni wa mtindo. Chagua namna ya kuchora unayoweza kuishi nayo. Kuna mfano mmoja naupenda sana, Ryan North na Dinosaur Comics. Toka mwaka 2003 anatumia picha zile zile, paneli sita, dinosauri wale wale wamesimama vile vile, kinachobadilika ni maneno tu. Nimewahi kusikia watu wanasema huyo ni mvivu na mimi huwa naona hawajaelewa kabisa, yule bwana ni mwandishi, uwezo wake uko kwenye mazungumzo na mawazo, kwahiyo akatengeneza umbo la komiki ambalo nguvu zake zote zinaenda pale alipo bora. Munroe hivyo hivyo, watu wake ni vijiti tu, kichwa duara mikono mistari, ila ukisoma hesabu na fizikia na huzuni aliyoiweka mle ndani unakubali. Alikuwa anafanya kazi kituo cha NASA cha Langley, mkataba ukaisha mwaka 2006, akahamia kwenye komiki moja kwa moja. Hajawahi kuhitaji kuchora pua.

Upande mwingine yupo Jeph Jacques na komiki yake Questionable Content, alianza Agosti 2003 na ana maelfu ya kurasa. Nendeni mkasome ukurasa wa kwanza afu mruke mpaka wa juzi, utadhani ni watu wawili tofauti wamechora. Mikono ilikuwa migumu, nyuso zote zinafanana, wahusika wanaongea wameegemea kitu wakati wote. Ukiwa unasonga mbele unaona taratibu mwili unapata uzito, macho yanaanza kuangaliana. Na zile za mwanzo hakuzifuta! Ziko pale, msomaji mpya anaanzia hapo hapo. Mimi naona ni ujasiri mkubwa na pia ni zawadi kwa anayeanza, unaona kabisa mtu alivojifunza kuchora mbele za watu, akirudia kila siku ya kazi. Ukiambiwa fanya mazoezi utaboreka unakuwa huamini, ila pale ushahidi unausoma kwa mpangilio wa tarehe.

Kuna jambo la mwili nataka nilisemee kwa uzito wake. Mkono wako ndo mtaji. Maumivu ya kiganja, ganzi kwenye vidole, mgongo, shingo, macho kukauka, hivi vitu vinaanza kidogo kidogo na mchoraji kijana anavichukulia kama sifa, eti nimechora mpaka mkono umekufa ganzi. Ganzi ni taarifa, simamisha kazi. Inuka kila baada ya muda, nyoosha vidole, panga kiti na meza ziendane na urefu wako, na ukiona maumivu hayaondoki nenda hospitali mapema usisubiri mpaka ushindwe kushika kikombe. Mwaka 2022 alifariki Jang Sung-rak, yule mchoraji wa komiki ya Solo Leveling ya Korea Kusini, aliyejulikana kwa jina la Dubu. Alikuwa na studio, kwahiyo sio mtu wa kujitegemea peke yake kama tunavyoongea leo, na alikuwa na ugonjwa wa muda mrefu, na mimi sitasimama hapa niseme kazi ndo ilimuua kwa sababu sio kweli kwamba najua. Ila kifo chake kiliwafanya wachoraji wengi waongee wazi kuhusu ile kasi ya kutoa sura nzima ya rangi kila wiki, paneli makumi kwa makumi, mwaka baada ya mwaka. Ile ni kasi ya timu. Mtu mmoja akijaribu kushindana nayo anajiumiza, na jamani msomaji anayekupenda hataki uumie, mwambie tu unapumzika mwezi mmoja, atasubiri. Wapo waliosubiri picha ifunguke mstari kwa mstari, mwezi mmoja hauwashindi.

Tuje kwenye hela, maana najua mnasubiri.

Hela ya kazi hii haiji kutoka sehemu moja na sijawahi kuona mchoraji wa kujitegemea aliyedumu kwa chanzo kimoja tu. Miaka ile ya 2000 ilikuwa matangazo na fulana. Jeffrey Rowland, ambaye naye alikuwa mchora komiki, alianzisha TopatoCo mwaka 2004 kuuzia bidhaa za wachoraji wenzake, na Ryan North huyo huyo wa dinosauri akatengeneza Project Wonderful mwaka 2006, mfumo wa mnada ambao hata mtu mwenye komiki ndogo anaweza kununua tangazo kwenye tovuti ya mwenzake kwa senti chache kwa siku. Ulikuwa mfumo mzuri mno, wachoraji walitangaziana wenyewe kwa wenyewe, mimi komiki kadhaa nilizipendea pale. Ukafungwa mwaka 2018, matangazo yalikuwa yameshahamia kwa wakubwa na watu wameweka programu za kuzuia matangazo.

Afu ikaja michango ya wasomaji. Mfano ambao kila mtu anautaja ni Rich Burlew wa komiki ya The Order of the Stick, mwaka 2012 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela za miradi, aliomba dola 57,750 ili achapishe upya vitabu vyake vilivyokuwa vimeisha, akapata dola 1,254,120 kutoka kwa wachangiaji 14,952. Watu wakisikia hiyo namba wanakimbilia kufungua kampeni. Subiri kwanza. Burlew alianza kuposti hiyo komiki mwaka 2003, bure, na kila ukurasa ulikuwa bado upo unasomeka kuanzia wa kwanza. Kwahiyo mwezi ule wa kampeni ulivuna kazi ya zaidi ya miaka minane, na wale waliochangia walikuwa wameshaishi na wale wahusika, wengine toka wako shule mpaka wameajiriwa. Na baada ya furaha ile ikaja kazi ya kutimiza ahadi, vitabu kufungashwa, michoro ya zawadi, hadithi za ziada, na mwaka ule ule akaumia mkono vibaya, mkono wa kuchorea, zawadi nyingine zikachukua miaka kukamilika. Alizikamilisha kidogo kidogo huku anawaeleza watu kinachoendelea, na ndo maana wasomaji hawakumkimbia. Ukifungua kampeni ahidi vitu ambavyo uko tayari kuvichora ukiwa umechoka.

Tovuti ya Patreon ilianza mwaka 2013, mwanzilishi mmoja Jack Conte ni mwanamuziki, mwenzake ni Sam Yam. Wazo lake ni rahisi, msomaji anatoa kidogo kila mwezi. Kwa mchora komiki hii ilibadilisha maisha kwa sababu hatimaye unaweza kukadiria mwezi ujao. Ila sikilizeni hiki. Desemba 2017 walitangaza kwamba kila mchango utaongezewa asilimia 2.9 na senti 35 kwa mchangiaji, maana yake aliyekuwa anatoa dola moja sasa anakatwa dola 1.38. Wachora komiki wengi walikuwa wanaishi kwa hizo dola moja moja, watu mia nyingi kila mmoja dola moja, na hao ndo walioguswa kuliko wote. Wasomaji wakaanza kujitoa hata kabla mpango haujaanza. Kampuni iliomba radhi na kurudisha nyuma ule mpango ndani ya siku chache, ila kwa muda ule mfupi watu walijifunza kwamba meza wanayolia chakula miguu yake ameishika mtu mwingine.

Na hapo ndo naingia kwenye umiliki. Kila baada ya miaka michache kuna kitu kinafungwa au kinabadilika. Google Reader ilifungwa mwaka 2013, na kabla ya hapo wasomaji wengi wa komiki walikuwa wanazifuata humo kwa kupitia RSS, mfumo wa kukuletea mapya ya tovuti zote sehemu moja, ghafla wakatawanyika. Mitandao ya kijamii inabadilisha namna ya kuonyesha posti, jana wafuasi wote wanaona leo wanaona wachache. Mimi sisemi msiitumie, itumieni, wasomaji wapya wako huko. Ila muwe na tovuti yenu, hata ya kawaida tu, yenye jina lenu mlilolilipia wenyewe, yenye kurasa zote kwa mpangilio na kitufe cha kwanza, nyuma, mbele, mwisho. Na muwe na orodha ya barua pepe za wasomaji walioomba kuandikiwa. Hiyo orodha ndo kitu pekee ambacho app ikizimwa usiku wa leo kesho asubuhi bado unacho.

Sasa hizi app kubwa za kuskroli. Mfumo wa kusoma kwenda chini ulikulia Korea Kusini, kampuni ya Naver wakaanza Webtoon mwaka 2004 na toleo la Kiingereza likaja 2014, na kwa kweli wamefungua mlango kwa watu ambao zamani wasingepata wasomaji. Rachel Smythe wa New Zealand alianza Lore Olympus huko mwaka 2018, akachukua Eisner, tuzo kubwa ya komiki, mwaka 2022. Kwahiyo mkipewa mkataba msikimbie, ila someni. Someni mstari kwa mstari na mwanasheria kama mnaweza kumpata, muangalie nani anamiliki mhusika, nani anamiliki haki ya filamu na ya kitabu cha karatasi na ya tafsiri, kwa miaka mingapi, na kampuni ikiacha kuichapisha haki zinarudi kwako au zinabaki kwao zinalala. Hayo maswali sio utovu wa shukrani. Anayekuletea mkataba ana wanasheria wake, ameshayauliza yote kwa upande wake.

Alice Oseman alianza kuweka Heartstopper mtandaoni mwaka 2016, bure. Mwaka 2018 akachapisha kitabu mwenyewe kwa michango ya Kickstarter, ndo mchapishaji mkubwa akaja baadaye, na ilipofika Netflix mwaka 2022 script za mfululizo aliziandika mwenyewe. Angalia huo mpangilio, kila hatua anaingia na kitu mkononi. ND Stevenson alianza Nimona mwaka 2012 akiwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa, kitabu kikatoka 2015. Filamu yake ilikuwa inatengenezwa Blue Sky, studio ikafungwa mwaka 2021 na filamu ikafa, ikaja kufufuliwa na kutoka Netflix mwaka 2023. Lakini hiyo miaka yote ya katikati, ambayo watu wa filamu wanahangaika, Nimona kama komiki ilikuwa inasomwa, haikusubiri ruhusa ya mtu.

Kuna la kuacha pia, nadra sana kulisikia kwenye mikutano kama hii. Kate Beaton alianza Hark! A Vagrant mwaka 2007, vichekesho vya historia na fasihi, mistari ya haraka haraka ina uhai ajabu. Watu wakampenda, ikawa vitabu. Mwaka 2018 akaifunga. Angeweza kuendelea, umaarufu ulikuwepo. Ila kulikuwa na hadithi nyingine, ya miaka aliyofanya kazi kwenye machimbo ya mafuta ya Alberta, Kanada, kulipa mkopo wa chuo, alishaweka vipande vyake mtandaoni mwaka 2014 vya michoro ya penseli, na akaenda kuifanyia kazi kwa miaka. Ducks ikatoka 2022, kitabu kinene kizito, kikachukua Eisner mbili mwaka 2023. Kile kitabu kisingeandikwa na mtu aliyebanwa kutoa kichekesho kila wiki, mimi hilo naliamini kabisa. Kwahiyo komiki yako ikikaribia mwisho wake wa kweli, iandikie mwisho, waage wasomaji vizuri, acha kurasa zote mahali pake watu waendelee kuzikuta.

Naona mikono. Tuchukue maswali, dada wa mbele anza.

Anauliza akili bandia. Sawa. Januari 2023 wachoraji watatu, Sarah Andersen wa Sarah's Scribbles, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walifungua kesi Marekani dhidi ya Stability AI, Midjourney na DeviantArt, wakilalamika kwamba kazi zao zimetumika kufundishia mashine bila ruhusa. Andersen kabla ya hapo katuni zake zilishachukuliwa na watu wenye chuki wakazibadilisha maneno na kuzisambaza kwa mwandiko unaofanana na wake, kwahiyo anajua uchungu wa kuona mkono wako unasema kitu hukusema. Mimi niko upande wao bila kupepesa. Mtu aliyechora bure kwa miaka ili wasomaji wamfahamu hakutoa ruhusa ya kuigizwa. Ila nitakwambia pia, msomaji anayekuja kila Jumatatu toka miaka sita anamfuata mtu, anajua ulivomkosea yule mhusika kwenye sura ya tatu na ulivorudi kumtengeneza. Brian Fies aliweka Mom's Cancer mtandaoni bila hata kuandika jina lake, komiki kuhusu saratani ya mama yake, na mwaka 2005 ikawa ya kwanza kupata Eisner ya komiki za kidijitali. Watu walisambaziana kwa sababu kulikuwa na mtoto wa kweli na mama wa kweli mle ndani.

Kaka wa kofia, faili. Chora kwa ukubwa wa kuchapisha toka siku ya kwanza, rangi angalau dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, mistari myeusi mitupu dpi 600, afu upunguze ndo uposti. Komiki ya kuskroli kwa app nyingi upana ni pikseli 800, na ukichora kwa upana huo huo kamili hutakuwa na kitabu, itabidi uchore upya. Hifadhi faili lenye leya zake, yaani matabaka ya mchoro, maneno yawe kwenye leya ya peke yake ili siku ya tafsiri usikwaruze picha. Nakala mbili, moja isiwe kwenye kompyuta ile ile. Programu ya kuchorea, Krita ni ya bure na inatosha kabisa, usisubiri vifaa vya gharama. Na fungua ukurasa kwenye simu ndogo kabla ya kuposti, kama wewe uliyeandika maneno unakunja macho kuyasoma, ongeza ukubwa wa herufi.

La mwisho, nani yule, ndio, anauliza aanze na hadithi yake kubwa aliyoibeba toka sekondari au aanze na nyingine. Anza na nyingine. Chukua hadithi fupi, kurasa kumi na mbili mpaka ishirini, wahusika wawili, mahali pamoja, iwe na mwanzo na mwisho, uimalize yote kabla hujaposti hata ukurasa mmoja. Ukiimaliza utakuwa umeshajua ukurasa unakuchukua saa ngapi, wapi mkono unauma, kama unapenda kupiga wino au unauchukia, na utakuwa na wiki nyingi za kuposti huku unachora nyingine. Ile kubwa iendelee kukaa kwenye daftari, iandikie vipande, chora nyuso za wahusika wake. Ukiwa na hadithi fupi tatu zimekamilika ziko kwenye tovuti yako, fungua lile daftari la sekondari uanze.